Ukurasa wa Nne Unanuka Ubani

Kama wivu ungekuwa ala ya muziki, Argyris Kalfas angejaza viwanja vya mpira kuanzia Volos mpaka Athens, na watu wangebebana mabegani ili wamwone. Bahati mbaya ala aliyoipiga ilikuwa buzuki, ile yenye tumbo la kibuyu na shingo ndefu kama ya mbuni, kwa hiyo alijaza meza kumi na mbili tu, kila Ijumaa na Jumamosi, kwenye kilabu cha Ami Thomas karibu na bandari.

Meza kumi na mbili si haba. Watu walikula pweza wa kuchoma, wakanywa chipuro kikali kile cha makapi ya zabibu, wakaagiza nyimbo za zamani wanazozijua wote, naye akazipiga. Hakuwa mbaya. Mwenyewe angekwambia hakuwa mbaya, tena kabla hujamuuliza. Lakini pale ukutani, chini ya saa iliyokufa, kulikuwa na kiti kimoja kisichokaliwa na mtu. Juu yake palikuwa na kisahani cha majivu ya sigara, kisafi, kimepanguswa. Kilikuwa kiti cha baba yake, marehemu Stamos Kalfas, na Argyris alikipiga jicho kila alipofungua mkoba wa buzuki, kama paka anavyoangalia samaki dirishani kwa jirani.

Ami Thomas, mwenye kilabu, kuli mstaafu mwenye mikono kama makasia, alikuwa amekula kiapo siku ya arobaini ya Stamos. "Atakayenipigia wimbo wa Stamos nikaucheza mpaka mwisho, huyo atakikalia. Nje ya hapo, hata askofu akija atakaa kwenye kreti la bia."

Wimbo wa Stamos haukuwa na maneno wala jina. Aliutunga mwenyewe, na Ami Thomas aliucheza mara moja tu kwa mwaka, siku ya somo wake, Mtakatifu Thomas, Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Ulikuwa zeibekiko, ngoma ya mtu mmoja. Mtu akiinuka kuicheza, nyote mnabaki pembeni. Ukithubutu kuingia uwanjani umemtukana, na hapo Volos kuna watu wazima wanaotafuna upande mmoja tu wa mdomo kwa sababu ya kosa hilo.

Mwaka uliopita Argyris aliupiga. Ami Thomas alinyanyua mikono, akapiga hatua mbili, akayumba vizuri. Kisha wimbo ukafika katikati, pale unapotakiwa kushuka, na vidole vya Argyris vikawa kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja halipo. Akarukaruka, akapitia njia ya mkato, akatokea ng'ambo ya pili akiwa ameloa. Ami Thomas alishusha mikono.

"Pweza anaungua," akasema, akarudi jikoni.

Hakukuwa na pweza motoni. Kila mtu alijua.

Na si kwamba Argyris hakujitahidi kuujua. Kazi ile hufundishwa hivi: haifundishwi. "Ufundi huibwa, mwanangu," marehemu alikuwa akisema. "Mimi nimeiba. Na wewe iba." Kisha, kabla ya kupiga wimbo wake, anageukia ukutani, anahangaika na nyuzi kidogo, anageuka tena na kupiga, na ukiisha tu, dole gumba linapita kwenye vigingi, zruu, nyuzi zinalegea, ushahidi umefutwa. Argyris alikaa mbele yake miaka kumi, macho yameganda kwenye vidole kama afisa wa forodha. Muda ule baba akiwa amegeukia ukuta, yeye aliutumia kuwasha sigara.

Na tuseme ukweli, aliona ni haki yake kuurithi wimbo, kama alivyorithi buzuki na pua. Dada yake Zambeta hakuwahi kuruhusiwa hata kuigusa ile ala. "Si ya wasichana," mzee alisema, akampeleka kwenye kikundi cha mandolini cha shule, sketi ya samawati, soksi nyeupe, nota kwenye kistendi. Akakua, akawa msusi, akafungua saluni mtaa wa pili kutoka sokoni. Mambo yakaisha hapo.

Yalikuwa yameisha kweli, mpaka Oktoba.

Oktoba ndio mwezi wa kutandika mazulia, na Mama Marigo, mama yao, hatandiki zulia kabla hajasugua kila kitu kuanzia dari. Akamwita Zambeta amshushie kile kisanduku cha kioo chenye taji za harusi, kilichotundikwa juu ya kitanda tangu siku alipoolewa. Zambeta akapanda kitandani, akakivuta, na nyuma yake zikadondoka karatasi, zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Nyimbo kumi na moja, zimeandikwa nota kwa wino, mwandiko wa Stamos. Kumi ni zile za watu wote. Ya kumi na moja, kurasa sita, haina jina.

Jumapili ile Argyris alikuja kula maharage kwa mama yake, akakuta karatasi zimetandazwa mezani na dada yake ameziinamia, anaimba kwa mdomo uliofungwa.

"Nini hicho?"

"Baba," akasema Zambeta bila kuinua kichwa.

"Baba gani?"

"Una wangapi, kaka?"

Argyris akachukua karatasi moja, akaigeuza juu chini, akairudisha. "Hiki ni kinyesi cha nzi. Baba hakujua nota. Baba aliwacheka wanaosoma nota! Alikuwa akisema mtu wa nota ni kama mtu anayembusu mkewe huku anasoma maelekezo."

"Alisema hivyo mbele za watu," akasema Mama Marigo akimwongezea maharage. "Kula."

Argyris alikula, lakini maharage yalipitia njia nyingine. Kwa sababu alikuwa amesikia Zambeta akiimba, na alichokiimba kilikuwa ni pale katikati. Palepale penye daraja lililovunjika. Alikuwa anavuka polepole, ubao mmoja mmoja, lakini anavuka.

Kesho yake alfajiri alikuwa kwa Ami Thomas, akamkuta akisugua pweza kwenye sinki.

"Ami, nikuulize. Mzee alijua nota?"

Ami Thomas alisugua mnyiri mmoja, akasugua wa pili. "Baba yako alilelewa wapi?"

"Kwenye kituo cha yatima."

"Kile kituo kilikuwa na bendi. Tarumbeta, ngoma, kofia zenye manyoya. Baba yako alipiga tarumbeta mpaka ana miaka kumi na sita, na kila nota aliyokosea alichapwa fimbo moja. Alitoka pale anasoma nota kama wewe unavyosoma matokeo ya mpira. Aliona aibu. Wapigaji wa bandarini wangemla mzima."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Ulimuuliza?"

Argyris akageuka, akatoka.

Hapo ndipo wivu ulipohamia rasmi, ukaja na godoro lake. Waswahili wameshaandika kwenye kanga: wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Argyris alikonda matundu mawili ya mkanda. Si kwa sababu ya Zambeta peke yake. Alikuwa anaionea wivu karatasi! Mzee alikaa mbele ya mwanawe miaka kumi na mdomo umefungwa, kumbe akirudi nyumbani anaimwagia karatasi kila kitu, kisha anailaza nyuma ya taji za harusi, juu ya kichwa cha mkewe, kama hawara.

Zambeta naye alinunua buzuki ya mtumba, ina ufa tumboni uliozibwa kwa plasta ya hospitali. Akaanza kujifunza saluni, kati ya kichwa na kichwa. Wimbo mmoja kila wiki mbili, kwa mpangilio wa karatasi, hakuruka hata mmoja. Argyris akagundua ghafla kwamba sigara za ladha anayoipenda zinauzwa kwenye kibanda kilichopo mbele ya saluni tu. Alikuwa anasimama pale, anavuta, anasikiliza. Dada akikosea, moshi unatoka mtamu. Dada akikosea mara ya pili palepale, Argyris ananunua na chokoleti.

Shida ni kwamba hakosei mara ya tatu. Anasimama, anarudi nyuma, anahesabu kwa sauti, anapita. Kufikia Krismasi wanawake walikuwa wanakuja kutengeneza nywele zilizotengenezwa juzi. Wamekaa chini ya madude yale ya kukausha, vichwa vya moto, wanaimba. Mmoja, mke wa muuza samaki, alimtolea Argyris uvivu pale kilabuni mbele ya mumewe: "Argyris, roho yangu, ule wimbo wa pili unauimba mstari mmoja kimakosa. Mimi nimeusikia kwa dada yako, unaenda hivi."

Akamwimbia. Kweli ulikuwa unaenda hivyo. Miaka kumi na minne Argyris alikuwa anaupiga kimakosa, na hakuna aliyejua, na maisha yalikuwa matamu.

"Dada yangu ni msusi," akasema.

"Ndiyo, na wewe ni nani? Mganga? Piga basi."

Lakis, mpiga gitaa wake, alicheka mpaka akakata uzi.

Mwezi Februari Argyris akaamua kufuata mafundisho ya baba. Ufundi huibwa, sivyo? Akaenda saluni, akasema anataka kupunguza nywele za shingoni. Zambeta alipokwenda nyuma kuchemsha kahawa, akauvuta ukurasa mmoja wa ule wimbo usio na jina, akautia chini ya shati. Hakuwa na muda wa kuchagua. Ulikuwa ukurasa wa nne.

Sasa amsomee nani? Mwalimu wa muziki angemtangaza mji mzima. Akakumbuka kwamba mtu mmoja Volos anaimba kila siku akiangalia kitabu, tena ana macho makali: Bwana Prodromos, mwimbishaji wa kanisani. Akamvizia Jumamosi baada ya sala ya jioni, kanisa linanuka ubani mpaka kwenye kope.

"Bwana Prodromos, nisaidie. Hapa pameandikwa nini?"

Prodromos akavaa miwani, akaisogeza karatasi kwenye mshumaa, akavua miwani.

"Hizi ni za Wafaransa."

"Ni nota!"

"Ndiyo. Za kwao. Mimi nasoma za kwetu, za kanisa. Za kwetu zinatembea kama siafu, unaona? Juu ya maneno, hazina mistari. Hizi ni viluwiluwi vimeanikwa kwenye kamba za kufulia. Miaka arobaini naimba hapa, sijawahi kula kiluwiluwi."

"Hata kimoja?"

"Mwanangu, kama umekuja kwa ajili ya jambo zito, baba padre bado yupo, unaweza kuungama."

Karatasi ililala kanisani kwenye kitabu cha Prodromos wiki nzima, maana mzee aliahidi kujaribu kwa maombi. Haikusaidia. Argyris akaichukua, akaikazia macho kila siku nyumbani kama anatazamana na ng'ombe. Aliyajua maumbo yake yote kwa sura: mwanzoni kabisa, viluwiluwi vitatu vimefungwa mkia kwa fimbo moja, chini yake doa la mafuta lililodondoka kutoka taa ya kanisani. Sura alizijua. Sauti, hakuna. Mwishowe akairudisha kimyakimya, akisingizia kuja kupunguza nywele tena, kichwa kikiwa hakina tena cha kupunguzwa.

Zambeta akamvalisha shuka la kinyozi, akachukua mkasi, akakata mara mbili hewani.

"Kaka."

"Naam."

"Ukurasa wa nne unanuka ubani."

Mkasi: kach, kach.

"Saluni ina harufu nyingi," akasema Argyris.

"Ina harufu ya dawa ya kusokota nywele. Ubani hauna. Umebatizwa, au umefiwa?"

Mke wa muuza samaki alijificha ndani ya gazeti, gazeti likatetemeka.

"Ungeniomba," Zambeta akasema, sauti imeshuka. "Ningekusomea."

Hilo lilimchoma kuliko kejeli zote. Aombe! Yeye, mrithi wa buzuki na pua, aombe kusomewa na msusi!

*

Pasaka ikaja, kondoo wakaliwa, na Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kilabu cha Ami Thomas kikafurika. Ilikuwa saa saba mchana, milango yote wazi, jua limekaa mezani na watu. Ami Thomas alivaa shati jeupe, akapokea mabusu ya siku ya somo wake, na kabla hata ya sahani ya kwanza akatangaza:

"Leo nimeambiwa Zambeta ataupiga wimbo wa baba yake. Mwaka jana nilimsikia kaka. Mwaka huu namsikia dada. Mwakani labda mbuzi wao."

Watu wakacheka. Argyris alicheka pia, kwa meno ya mbele tu.

Zambeta aliingia akiwa ameipakata buzuki yake kwenye foronya. Akaitoa, akageukia pembeni, akahangaika nayo kidogo, akailaza mezani karibu na kiti cha marehemu. Halafu akaingia jikoni kumbusu mke wa Ami Thomas, na kwa kuwa jikoni kwa mwanamke yeyote hakuna busu la bure, akapewa bakuli la mayai mekundu ya Pasaka ayamenye kwa ajili ya saladi.

Buzuki ikabaki. Argyris naye amebaki. Kati yao meza moja.

Akanyoosha kidole, akagusa nyuzi zote kwa pamoja, taratibu.

Loo! Ilikuwa sauti ya mlango wa choo cha stesheni. Uzi wa chini ulikuwa umelegea mahali pasipo pake, wa kati umelala kama mlevi. Kwa mtu aliyekaza nyuzi za buzuki kwa namna moja maisha yake yote, hii haikuwa ala, ilikuwa ajali. Na moyo wa Argyris, uliokuwa umekunjamana tangu Oktoba, ukafunguka kama maua.

"Jamani, jamani, sikilizeni!" Akaiinua juu. "Miezi sita anasoma! Karatasi kumi na moja! Na hajui kukaza nyuzi!"

Akapiga tena. Watu wakaguna, wakacheka. Mmoja akapiga kelele kutoka mlangoni, "Labda hizo ndizo nyuzi za kusukia!"

"Argyris, weka chini," Lakis akamnong'oneza. "Si yako."

"Namsaidia dada yangu. Damu ni damu."

Na akamsaidia kweli, hilo usimnyime. Alizikaza nyuzi moja moja, sikio limelala kwenye mbao, kwa uangalifu wote alionao, mpaka zikawa safi kama maji. Hakuwahi kukaza ala vizuri kama siku ile. Chuki ina mkono mtulivu. Akailaza palepale, akaenda kuketi karibu, akakunja mikono, akasubiri kushukuriwa.

Zambeta akarudi, vidole vyekundu kwa rangi ya mayai. Akaketi kwenye kreti, si kwenye kiti. Akaegemeza kurasa zake kwenye chupa ya maji, tatu za kwanza bega kwa bega, zilizobaki chini ya hiyo ya tatu. Ami Thomas akaingia katikati ya sakafu, akavuta pumzi, akafungua mikono.

Zambeta akapiga.

Kilichotoka nitakieleza hivi: kuna mbwa mmoja bandarini aliyekuwa amelala chini ya meza ya tatu, akaamka, akatoka nje. Vidole vya Zambeta vilikwenda kila mahali palipoandikwa, na kila mahali vilikuta mtu mwingine amehamia. Akasimama. Akajaribu tena. Mbaya zaidi. Uso ukamwiva kama yale mayai.

Ami Thomas bado ameinua mikono, hajui aishushe au vipi. Argyris aliona mdomo wake unaanza kutengeneza neno "pweza".

Hii ndiyo dakika aliyoiomba miezi sita. Alijisikia vizuri kwa muda unaotosha kumeza zeituni moja.

Zambeta aliangalia vigingi. Akagusa nyuzi moja moja. Kisha akainua macho.

"Nani kaigusa?"

Mke wa muuza samaki, ambaye Mungu hakumuumba kwa ajili ya kunyamaza, akasema, "Kaka yako alikusaidia, mwanangu. Alisema hujui kukaza."

Argyris akajiandaa kwa matusi. Alikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri. Lakini Zambeta hakumtukana. Alimtazama tu, si kwa hasira, bali kama mtu anavyomtazama mtoto wa miaka thelathini na nne aliyejikojolea kanisani. Halafu akaugeuza mwili wake wote, kreti likakwaruza sakafu, akaelekea ukutani, mgongo kwa watu.

Akaanza kulegeza.

Uzi wa chini ukashuka: ngazi moja, ukasita, ngazi nyingine. Wa kati ukafuata, ukayumba, ukakaa. Wa juu akaugusa mara mbili kwa kucha, tii, tii, kuuliza kama wote wameridhika.

Nywele za shingoni kwa Argyris, zile chache zilizosalia, zikasimama.

Aliijua sauti ile. Aliisikia maelfu ya mara, hapahapa, kutoka ukuta huuhuu, huku yeye akitafuta kiberiti. Ngazi moja, kusita, ngazi nyingine. Tii, tii. Baba alikuwa anahamisha nyuzi! Aliziweka mkazo mwingine kabisa kwa ajili ya wimbo ule mmoja, na miaka kumi mwanawe alikodolea macho vidole, wakati siri ilikuwa inapigwa mbele ya masikio yake kwa sauti, bure, kabla hata wimbo haujaanza. Na juu ya ukurasa wa kwanza mzee alikuwa ameandika alama tatu, moja kwa kila uzi. Ukurasa wa kwanza. Yeye aliiba wa nne.

Zambeta akageuka, akapiga.

Nisikudanganye, hakupiga kama malaika. Alipiga kama mtu anayevuka barabara kuu akiwa na trei ya glasi, macho hayabanduki kwenye karatasi. Mwendo ulikuwa mzito mno hapa, umekauka mno pale, na Argyris alihesabu kila kosa kwa uroho. Lakini wimbo ulikuwa wenyewe. Ami Thomas aliinama, akazunguka polepole, kiganja karibu na sakafu kama anatafuta kitu alichodondosha miaka mingi iliyopita, na watu wa karibu wakapiga goti moja, wakampigia makofi ya chinichini, bila kumwingilia.

Wimbo ukaanza kukaribia katikati. Na Argyris, aliyekuwa ameketi hatua moja kutoka kwenye ile chupa ya maji, akaona jambo ambalo Zambeta aliliona sekunde hiyohiyo.

Ukurasa wa tatu unaisha. Mikono yake yote miwili ina kazi.

Saluni alikuwa anasimama, anageuza, anaendelea; nani angemkaripia, madude ya kukausha nywele? Hapa Ami Thomas alikuwa juu ya mguu mmoja. Macho ya Zambeta yalitoka kwenye karatasi, yakaenda kwa kaka yake, yakarudi. Hakuomba. Damu ya Kalfas haiombi.

Argyris angeweza kuwasha sigara. Kiberiti kilikuwa mkononi. Ingetosha kuwasha sigara moja tu, na daraja lingevunjika chini ya miguu ya dada yake mbele ya mji mzima, na kiti kingebaki kitupu mwaka mwingine, na mwaka mmoja ni mwingi, mtu anaweza kujifunza mengi. Wivu ulimwambia hivyo kwa sauti nzuri sana. Ulimwita "kaka".

Lakini alitaka kusikia. Mungu amsamehe, aliutaka ule mteremko kuliko alivyokitaka kiti. Hakujua kusoma, ila wimbo aliujua mpaka ukingoni mwa lile shimo, alijua ni pigo lipi la mwisho kabla ya kushuka. Akanyoosha mkono, akalisubiri, akaupokonya ukurasa wa tatu kwa hasira, kama anang'oa bendeji. Chini yake wakatokea rafiki zake: viluwiluwi vitatu, mkia kwenye fimbo moja, na doa la mafuta.

Na kwa mara ya kwanza vikamtolea sauti.

Zambeta akashuka. Ami Thomas akashuka pamoja naye, goti likagusa ubao, akapiga sakafu kwa kiganja, pa!, akainuka. Argyris alifunua ukurasa wa tano. Akafunua wa sita. Meno ameyauma, machozi yanamtoka, na ungemuuliza angekwambia ni moshi wa pweza.

Wimbo ulipoisha Ami Thomas alisimama, shati limeganda mgongoni. Akaenda ukutani, akakiondoa kisahani cha majivu, akakitia mfukoni.

"Kaa," akamwambia Zambeta.

Akakaa. Kiti kikalia, kama viti vya zamani vinavyolia, na mke wa muuza samaki akalia zaidi ya kiti.

Kelele zilipopungua, Argyris alimwinamia dada yake, akasema kwa pembe ya mdomo, ili Lakis asisikie:

"Hivyo vitatu vya mwanzo. Vyenye fimbo. Vinaitwaje?"

Zambeta alikuwa akipangusa jasho la mikono kwenye foronya. "Unataka nikufundishe?"

Argyris akamtupia Lakis jicho, kisha neno likatoka limechubuka.

"Ndiyo."

"Ufundi haufundishwi, kaka," akasema Zambeta. "Huibwa."

Akaweka dole gumba kwenye vigingi, tayari kuzilegeza nyuzi kama mzee alivyokuwa akifanya, kufuta ushahidi. Kisha akasita. Badala ya kupitisha dole kwa mkupuo, akauvuta uzi mmoja peke yake, polepole, upande wa kaka yake. Ngazi moja. Kusita. Ngazi nyingine.

Wivu ulikuwa bado umekaa palepale kifuani, miguu umeikunja, haujaaga. Lakini Argyris alikitia kiberiti mfukoni, akafumba macho, akatega sikio.